Risasi Katika Moshi wa Motokaa: Somo juu ya Amri ya Tano

Tunapowafundisha vijana wa Kipaimara Amri ya Tano, ile ikatazayo kuua, hutaja rungu na upanga na moyo wa chuki. Ni vema. Lakini Dkt. Luther, katika Katekismo Ndogo, alifundisha pia kwamba yatupasa kuutunza mwili wa jirani. Basi nawapa waalimu mfano ambao ndani yake hamna rungu wala upanga, ila moshi.

Risasi ni madini mazito, laini. Wavuvi huyafunga nyavuni zipate kuzama. Kwamba ni sumu, watu walijua tangu kale. Hata mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors akaona ya kuwa dawa ya risasi ikitiwa kidogo katika petroli, mtambo wa motokaa huacha kugongagonga. Spiriti nayo ilijulikana kuwa yafaa kwa kazi hiyo, lakini haikuchaguliwa. Mwaka 1923 petroli ile ikaanza kuuzwa kwa jina la Ethyl. Angalieni jina hilo: risasi haikutajwa.

Mwaka 1924, katika kiwanda kimoja cha New Jersey, watenda kazi 5 walikufa, na wengine wengi wakarukwa na akili. Midgley, ambaye mwenyewe amekwisha kuugua kwa sumu hiyo, alinawa mikono kwa dawa ile mbele ya waandishi wa magazeti, ili waamini kwamba haina hatari. Mwaka 1925 bibi mmoja mganga, Dkt. Alice Hamilton, aliyezijua sana sumu za viwandani, alionya waziwazi. Biashara ikasimama kwa muda. Kisha ikaendelea, ikaenea duniani.

Sasa fahamuni jinsi inavyodhuru. Moto wa mtamboni hauli madini. Risasi hutoka pamoja na moshi kama vumbi jembamba, huanguka njiani, nyuani na juu ya mboga. Mtoto atambaaye hutia vidole kinywani, na mwili wake huidhania kuwa ni chokaa ya kujengea mifupa. Risasi iliyomezwa, mtoto mdogo huipokea mwilini mara 4 hata 5 kuliko mtu mzima, nayo huharibu ubongo. Mwaka 1979 Dkt. Herbert Needleman na wenzake walitoa habari za meno ya utoto waliyoyapima: watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walikuwa wazito wa kufahamu na kusikiliza darasani, ingawa hawakuonekana wagonjwa. Nawafikiri watoto walioitwa wavivu na kuchapwa kwa ajili ya petroli ya watu wengine!

Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini ya Sahara zilipatana mjini Dakar kuiacha petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ilikuwa imekoma kuuzwa kwa motokaa katika nchi hizo. Algeria ikawa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021. Yaani miaka 98 tangu ilipoanza kuuzwa.

Hata hivyo risasi haiozi. Ile iliyoanguka kando ya barabara kuu za zamani ingali udongoni. Kwa hiyo wazazi wasilime mchicha ukingoni mwa barabara hizo, na watoto wanawe mikono kabla ya kula.