Usukani Umepinda, Ugonjwa Uko Nyuma: Spea Zipi Ununue kwa Pesa Kidogo

Leo tunaweka nyanya pembeni kidogo tuzungumzie gari linalozibeba, maana nimeona faida ya msimu mzima ikiishia gereji.

Msimu uliopita kijana mmoja wa Ilula alinipigia simu. "Shikamoo bwana shamba. Nina swali la gari, usinicheke." Kirikuu yake ilikuwa inakwenda mbele huku usukani umekaa upande. Alaimenti ya mbele kashafanya mara mbili, pesa imekwenda, usukani uko vile vile. Sasa fundi alikuwa anamwambia anunue ekseli nzima ya nyuma, ya mtumba. Pesa iliyokuwepo ni ya dawa ya kantangaze, na nyanya zilishaanza kutoa maua. Nikamwambia, "Usinunue kitu kwanza. Nakuja na futi."

Somo la kwanza: pima kabla ya kununua

Tuliweka gari mahali tambarare, bila mzigo, matairi ya mbele yamenyooka. Tukapima kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, upande wa kulia, halafu kushoto. Tofauti ya milimita chache isikutishe. Yake ilikuwa karibu sentimita 2. Maana yake ekseli ya nyuma imekaa mshazari, gari linatembea kiubavu kama kaa, na dereva anapinda usukani ili lifuate barabara. Hapo hata ufanye alaimenti ya mbele mara kumi, hupati kitu.

Somo la pili: jua nyuma ya gari lako ikoje

Kirikuu na pikapu nyingi zina ekseli moja nzima, imekaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Vyuma hivyo vinashikwa pamoja na senta bolti, na kichwa chake kinaingia kwenye tundu la kikalio cha ekseli ili isisogee. Yubolti ndizo zinazobana ekseli na springi. Ukijaza matenga kupita kiasi kwenye barabara ya mashimo huku yubolti zimelegea, senta bolti inakatika na ekseli inateleza.

Tulipofungua ya yule kijana, senta bolti ya kushoto ilikuwa vipande viwili. Ekseli yenyewe nzima kabisa. Alinunua senta bolti mbili, yubolti mpya za pande zote na bushi za springi. Dawa akanunua, na chenji ikabaki.

Usiseme "linatembea hivyo hivyo, nitarekebisha baada ya mavuno." Ekseli iliyoachia inaweza kusogea zaidi ukikanyaga breki ukiwa na mzigo, na ukiwa kwenye mteremko hiyo ni ajali.

Gari kama RAV4 ni habari nyingine. Kila tairi la nyuma linajitegemea, linashikwa na mikono ya chuma ambayo mafundi wanaiita amu. Bushi zikichoka, tairi linatazama ndani au nje. Hapa ndipo matairi yanapoliwa. Piga hesabu: tairi likipinda nusu nyuzi tu kutoka kwenye mwelekeo wa gari, ni kama linaburutwa kiubavu karibu mita 9 kwa kila kilomita. Safari ya kilomita 100 ni karibu mita 900 za kusugua lami. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukihisi ncha kali upande mmoja kama meno ya msumeno, anza kuchunguza bushi.

Somo la tatu: kipi kipya, kipi mtumba

Mimi mwenyewe nilishapigwa hapa. Nilinunua amu za mtumba kwa kuwa zilikuwa rahisi, sikuangalia raba. Baada ya muda mfupi bushi zilipasuka, nikalipia kufungua mara ya pili na alaimenti mara ya pili. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu huu:

1. Raba nunua mpya. Bushi ya mtumba imeshazeeka kwenye gari la mwenzako. Kama amu yako imenyooka na haina kutu ya kula chuma, usiibadilishe. Nunua bushi peke yake, mpeleke fundi mwenye presi.
2. Yubolti, senta bolti na nati nunua mpya. Yubolti ikishabanwa inavutika, usiirudishe. Bolti iwe na alama ya nguvu kichwani, kama 8.8 au 10.9. Isiyo na alama iache dukani.
3. Chuma kitupu kinaweza kuwa mtumba. Nenda na cha zamani mkononi, vilaze pamoja, linganisha urefu kutoka tundu hadi tundu. Kikiwa na alama ya kuchomelewa au kunyooshwa kwa nyundo, rudisha.
4. Nunua pande zote mbili. Bushi mpya kushoto na iliyochoka kulia, gari litaendelea kuvuta.

Somo la nne: kufunga ni nusu ya kazi

Bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limekaa kwa matairi yake. Ukikaza likiwa juu ya jeki, raba inajipinda likishuka, na inapasuka mapema. Yubolti zikaze tena baada ya safari chache za mzigo.

Nati za kufungia rekebisho la alaimenti usizidharau. Mwaka 2012 Toyota iliita mamia ya maelfu ya RAV4 huko Marekani, kwa sababu nati za amu ya nyuma zisipokazwa vizuri baada ya alaimenti, amu inacheza, nyuzi zake zinashika kutu, na mwisho inaweza kuachia. Kwa hiyo fundi akimaliza, simama pale, mwombe akaze ukiona.

Mwisho wa yote, kafanye alaimenti kwenye mashine inayopima matairi yote manne, ukisisitiza waanze na nyuma. Omba karatasi ya vipimo, itunze na risiti zako za pembejeo. Gari ni pembejeo kama mbegu na mbolea.

Jioni hii kabla hujapakia, chukua futi, pima kulia na kushoto. Ni dakika kumi tu. Yule kijana angefanya hivyo mapema, asingelipia alaimenti mbili za bure.