USIKAE PEKE YAKO NA MAWAZO



Wapo wanaofika zahanati wakilalamika kichwa, mgongo, kifua kubana au kukosa usingizi. Wanapimwa malaria, haionekani. Wakiulizwa tena hujibu, "Ni mawazo tu."

Hilo neno "tu" si sahihi. Mtu mwenye hofu moyo humwenda mbio, shinikizo la damu hupanda, usingizi hukimbia na chakula hakipiti. Wakati wa kukimbia risasi hali hiyo humsaidia, kwa maana humpa nguvu za kujiokoa. Lakini ikiwa ameshavuka mpaka, amepewa turubai na kiwanja, na mwili bado uko katika hali ya kukimbia miezi sita baadaye, mwili huo unachakaa. Kimoja cha vitu vinavyoutuliza ni kuwa karibu na mtu unayemwamini. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walikusanya matokeo ya uchunguzi 148, uliohusu watu zaidi ya 308,000. Wale waliokuwa na uhusiano mzuri na wenzao walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa asilimia 50 ule wa watu waliojitenga.

Hii haina maana kwamba mazungumzo yanatibu malaria. Dawa ni dawa. Lakini mtu mwenye jirani hukumbushwa vidonge vyake, na wale wa kifua kikuu wanajua ilivyo vigumu kumeza dawa kwa miezi 6 bila kukumbushwa. Jirani ndiye anayesema, "Mama, huyu mtoto macho yameingia ndani, tumpeleke sasa hivi." Mama aliye peke yake huenda akaliona hilo kesho, wakati mtoto ameshaishiwa maji.

Nchini Zimbabwe watu wa lugha ya Kishona wana neno "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na akina bibi 14 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Hawakuwa wauguzi wa akili. Walifundishwa kusikiliza, wakawekewa benchi nje ya zahanati, na mgonjwa akaja kuketi na bibi mmoja kuzungumzia tatizo lake hadi wapate hatua moja ya kuchukua. Matokeo ya uchunguzi kwa watu 573 yalitolewa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, kati ya kila watu 100 waliokaa na bibi, kama 14 tu walikuwa na dalili za huzuni kubwa. Kwa waliopata huduma ya kawaida, walikuwa karibu nusu.

Sasa utasema, "Hapa kambini nitamwendea nani? Sina hata chai ya kumpa mgeni." Aibu hii inawafungia ndani watu wengi kuliko maradhi. Kwetu mgeni hupewa kitu, na posho haitoshi hata wenye nyumba. Basi usimwite mtu kunywa chai. Mwite mchambue maharagwe yako na yake pamoja. Nendeni kuni mkiwa kundi, ambako pia ni salama zaidi. Ingia kwaya, timu ya mpira, au kikundi cha kusuka mikeka. Mikono ikiwa na kazi, maneno huja yenyewe, na yasipokuja si neno. Ninyi wazee na vijana mliozoea kazi na sasa hamna, mnakaa pamoja kwenye pombe. Ni kweli mko pamoja, lakini pombe inaharibu usingizi ule ule mnaoutafuta, na ugomvi unarudi nyumbani kwa mama na watoto.

Wengine wanaogopa jirani mwenyewe: ametoka upande gani? Hofu hiyo ina sababu, na hakuna anayekulazimisha kumwamini mtu kwa siku moja. Huko Byumba, Rwanda, tangu mwaka 2005 vikundi vya watu 10 hadi 15 vilikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 15. Baadaye, katika vikundi vya namna hii, walikaa pamoja walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994 na jamaa za walioua. Walianza na usalama, wakaenda kwenye kuaminiana, kujaliana, heshima, kisha maisha mapya. Kumbukumbu za yaliyotokea ziliwekwa mwisho kabisa.

Kwa hiyo ukimtembelea mtu asiyetoka nje, usimwulize alichoona njiani wala nani amekufa. Akitaka atasema. Usimwambie "sahau" au "wengine wamepata makubwa kuliko wewe." Keti naye, mletee maji, mwambie utarudi siku gani, na urudi. Alilokuambia lisisikike bombani kesho yake. Siri ikitoka mara moja, hatafungua mlango tena.

Ipo hali ambayo jirani peke yake hawezi. Mtu asiyelala wala kula kwa siku nyingi, asiyeweza kuwahudumia watoto wake, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayesema afadhali afe, apelekwe zahanati. Ukishuku anataka kujiua, mwulize waziwazi. Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Ondoa kamba, sumu na vidonge vilivyo karibu, usimwache peke yake hata usiku, na tuma mtu amwite mhudumu wa afya wa jamii. Mkifika, mwambie muuguzi maneno yale yale mgonjwa aliyoyasema. Usiseme tu kwamba kichwa kinamuuma, maana atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.