ULIZA KWANZA, NDIPO UTIE KIDOLE

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani,

Siku moja munganga anaweza kukuambia: «Tunajaribu dawa mpya. Unakubali kuingia?» Usikimbie, wala usikubali kabla ya kuelewa. Tujifunze kwa yaliyotokea Beni na Butembo.

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Ilipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Hapo mwanzo hapakuwa na dawa iliyohakikishwa. Basi, tangu Novemba 2018, Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB ya Kinshasa na wenzake walijaribu dawa nne Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Dawa ya kila mgonjwa ilitolewa kwa kura. Kwa nini? Munganga angechagua mwenyewe, pengine wenye nguvu wangepata dawa moja na walio dhaifu nyingine. Mwishoni tusingejua kilichoponya ni dawa au ni nguvu za mgonjwa. Lakini hakuna aliyepewa maji matupu, na wote walitunzwa.

Agosti 2019 kura ya dawa zote nne ilisimamishwa, kwa sababu dawa mbili zilionekana kushinda. Kwa zile mbili nyingine, karibu nusu ya wagonjwa walikufa. Kwa mAb114 na REGN-EB3, walikufa karibu 35 katika 100. Tena waliofika mapema walipona zaidi. Na mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Kwa hiyo, uliza haya:

1. Dawa hii inaweza kunidhuru namna gani? Nikidhurika, nani atanitibu?
2. Kuna dawa nyingine iliyokwisha kuhakikishwa?
3. Nikikataa, nitaendelea kutunzwa?
4. Nikitaka kutoka kesho, naweza?

Kwa maswali mawili ya mwisho, jibu lazima liwe ndiyo. Kapita hawezi kukulazimisha, wala munganga. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayetia sahihi. Kama hujui kusoma, omba karatasi isomwe kwa lugha yako, mbele ya shahidi.

Sheria ni hiyo hiyo kwa kila ugonjwa, hata ule unaokausha misuli ya watoto. Kumbuka: kujaribu dawa si ahadi ya kupona.

Huingii shimoni bila kutazama kama mbao zinashika. Fanya vivyo hivyo mbele ya karatasi ya munganga.