BIMA: PAA LIMEEZULIWA, KAMPUNI ITALIPA NINI?

Kukariri majina ya kanuni za bima ni rahisi. Kazi ni kuzitumia kwenye tukio. Soma mfano huu kwa makini, kisha ufanye zoezi bila kutazama majibu.

Tukio

Mfanyabiashara wa Nakapanya, mkoani Ruvuma, ana duka lenye thamani ya sh. 40,000,000. Amelikatia bima ya sh. 30,000,000. Bima hiyo ni ya moto, na imeongezewa kinga ya dhoruba. Mvua za kwanza zinakuja na upepo mkali unaong'oa mabati. Anadai sh. 4,200,000:

- Mabati yaliyong'oka na kukunjika: 2,400,000
- Papi zilizovunjwa na upepo: 600,000
- Papi zilizokuwa zimeliwa na mchwa: 500,000
- Nyongeza ya kununua mabati ya bei ya juu kuliko ya awali: 700,000

Hatua ya 1: Chanzo cha hasara

Jiulize: ni nini hasa kilichosababisha hasara, na je, kimo katika mkataba? Upepo umo. Mchwa haumo, kwa sababu uharibifu wa polepole si ajali. Ondoa 500,000. Angalia pia kwamba kama asingeongeza kinga ya dhoruba, bima ya moto peke yake isingemlipa hata bati moja.

Hatua ya 2: Kanuni ya fidia

Bima humrudisha mtu alipokuwa kabla ya hasara, haimtajirishi. Ondoa 700,000 ya mabati bora zaidi. Zinabaki 3,000,000.

Paa lilikuwa limetumika miaka kadhaa. Mtathmini wa hasara anakadiria uchakavu wa asilimia 20, yaani 600,000. Zinabaki 2,400,000.

Hatua ya 3: Bima pungufu

Mkataba una sharti la uwiano. Duka limekatiwa bima robo tatu tu ya thamani yake, hivyo mwenye duka hubeba robo ya hasara:

30,000,000 ÷ 40,000,000 × 2,400,000 = 1,800,000

Hatua ya 4: Sehemu ya mwenye bima

Mkataba unasema sh. 100,000 za kwanza za kila hasara ni zake mwenyewe.

1,800,000 − 100,000 = sh. 1,700,000

Alidai 4,200,000, atapata 1,700,000. Hakuna aliyemdhulumu. Kila punguzo lina sababu yake katika mkataba aliousaini.

Makosa ya kuepuka

1. Kuandika kwamba mwenye bima hulipwa kiasi chote alichokatia. Kiasi hicho ni kikomo cha malipo tu.
2. Kusahau uaminifu. Akificha habari za mchwa alipoulizwa wakati wa kukata bima, kampuni inaweza kukataa dai zima.
3. Kuacha wajibu wa mdai: kutoa taarifa mapema, kupiga picha, kufunika sehemu iliyo wazi kwa turubai ili mali isizidi kuharibika, na kutotupa mbao zilizovunjika kabla mkaguzi hajaziona.

Kumbuka

Tanzania, biashara ya bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009. Mteja asiyeridhika na malipo anaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Zoezi

(a) Kama duka lingekatiwa bima ya sh. 40,000,000, angelipwa kiasi gani?
(b) Fundi anataka kubadilisha papi zote, pamoja na zile nzima ambazo upepo haukuzigusa. Je, kampuni itazilipia? Toa sababu.

Majibu

(a) 2,400,000 − 100,000 = sh. 2,300,000.
(b) Hapana. Papi nzima hazikupata hasara, na pasipo hasara hakuna fidia. Lakini papi nzima iliyolazimika kukatwa ili kutengeneza iliyovunjika inaweza kudaiwa, ikiwa mtathmini atathibitisha.