Kelele za Tapeti Zinazorudi: Somo kutoka Barabara za Upare

Yeyote aliyepata kupanda gari kuukuu kutoka Same kwenda vijiji vya Upare Kusini ameisikia sauti hiyo: ta-ta-ta-ta, kavu na ya haraka, mithili ya cherehani iliyolegea. Mafundi wetu husema kwamba tapeti zinalia. Mara nyingi kauli hiyo huwa ya kweli. Lakini kujua kinacholia si sawa na kujua kinacholiza, na tofauti hiyo yaweza kumgharimu mwenye gari mavuno ya msimu mzima.

Kwanza tukumbushane kazi ya tapeti. Ndani ya injini mna mhimili wa chuma uitwao kemshafti, wenye nundu kadhaa. Kila nundu ipitapo chini ya tapeti huiinua. Tapeti husukuma fimbo, fimbo husukuma roka, na roka hufungua vali ili mchanganyiko wa hewa na petroli uingie au moshi utoke. Kisha springi huifunga vali. Katika injini nyingi za zamani tapeti ni kipande kigumu cha chuma, na fundi sharti aache nafasi ndogo baina ya roka na vali, kwa kuwa chuma hutanuka kipatapo joto. Mwanafunzi aweza kukadiria mwenyewe: chuma cha pua chenye urefu wa milimita 100, kikiongezewa joto la nyuzi 200 za Selsiasi, hurefuka kwa takriban milimita 0.24. Injini yenyewe nayo hutanuka, kwa hiyo hesabu hii haitupi kipimo kamili, ila yatuonyesha ukubwa wa jambo tunalolizungumzia. Land Rover za petroli za lita 2.25 zilitakiwa kuachiwa nafasi ya milimita 0.25. Nafasi ikizidi, vyuma hugongana na kelele husikika. Ikikosekana, vali haifungi barabara, gesi za moto hupenya pembeni mwake, na vali ya moshi huungua. Fundi anayeibana nafasi hiyo ili kupoza kelele huiua vali kimyakimya.

Aina ya pili ni tapeti za haidroliki. Hizi hazihitaji nafasi. Ndani ya kila moja mna pistoni ndogo, springi, na kigololi kinachoruhusu oili iingie lakini kisichoiruhusu irudi. Oili iliyofungiwa humo huwa kama nguzo, kwa sababu kimiminiko hakikubali kubanwa kwa urahisi. Hewa hukubali. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili darasani kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake: lijazwe maji, tundu lizibwe kwa kidole, kisha mwanafunzi asukume. Halafu lijazwe maji nusu na hewa nusu, asukume tena. Tapeti iliyomeza viputo vya hewa hubonyea kama bomba lile la pili, na kila ibonyeapo, hugonga.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Baba yangu mdogo alikuwa na gari kuukuu la petroli lenye injini ya silinda nane na tapeti 16 za haidroliki. Alilitumia kuteremsha tangawizi kutoka Mamba hadi Same, na usiku wa dharura lilibeba wagonjwa na wazazi. Nilipofika likizoni nilimkuta amekwisha nunua tapeti mpya mara mbili katika mwaka mmoja. Kila mara kelele zilinyamaza, kisha zikarudi kabla hajamaliza juma. Safari hii aliambiwa anunue kemshafti pia, na fedha za tangawizi zilikuwa zimekwisha.

Nilikwenda kumwona fundi, mzee aliyekwisha kufungua injini nyingi kuliko vitabu nilivyofungua mimi. Nilipomwamkia aliitikia, kisha akaniuliza, “Mwanangu, huo udaktari wako wa Ulaya ni wa watu au wa injini?” Nilimjibu kwamba si wa watu wala wa injini, ila nilikuwa na maswali. Alicheka, akanipa kigoda.

Swali la kwanza lilikuwa: je, hakika ni tapeti? Kemshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Injini ikizunguka mara 900 kwa dakika, kila tapeti huinuliwa mara 450, yaani mara saba na nusu kwa sekunde. Mgongo unaofuata kila mzunguko wa injini, yaani mara 15 kwa sekunde, hutoka kwingineko, na huenda ukawa wa hatari zaidi. Sikio lililozoea hutambua tofauti hiyo. Fundi aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha roka na mpini sikioni, akasogeza hapa na pale. Njia hii ni ya kisayansi kabisa, kwa kuwa chuma hupitisha sauti vizuri kuliko hewa. Aliniambia kwamba zote zilikuwa zikilia, pande zote mbili za injini.

Hapo nilishtuka. Tapeti moja ikilia, twaweza kuishuku tapeti hiyo. Zikilia 16 kwa pamoja, nazo ni mpya, yafaa kushuku kitu wanachokishiriki zote, nacho ni oili.

Swali la pili: hulia lini? Baba mdogo alijibu bila kufikiri, “Nikipanda.” Asubuhi ya baridi zililia sekunde chache tu zikanyamaza, jambo ambalo ni la kawaida, kwani oili huvuja kidogo usiku. Njia ya Kisiwani, chini ya mlima, zililia kwa nadra. Mlima ulipoanza, zilianza. Alipoteremka zilinyamaza. Nilimuuliza fundi alikuwa akilijaribu gari wapi baada ya matengenezo. Alinyoosha kidole: hapo hapo mbele ya karakana, Same mjini, pahali tambarare.

Tulipima oili kwenye tambarare, nayo ilikuwa kamili. Tulilipeleka gari mteremkoni, tukaliacha likinguruma likielekeza pua juu. Baada ya dakika chache kelele zilianza, na sindano ya kipimo cha mgandamizo wa oili ikawa inatetemeka. Tulizima, tukachomoa kijiti cha kupimia: oili ilikuwa na povu. Tuligeuza gari pua ikaelekea chini. Kelele zikapungua, hatimaye zikaisha.

Katika injini ile pampu ya oili iko mbele, na bomba la kufyonzea limeungwa kwenye bloku kwa gasketi, ndani ya sampu. Pua ikiinuka, oili hukimbilia nyuma na kiungo hicho hubaki hewani. Ikiinama, oili hukifunika. Gasketi ikiwa na ufa, pampu hufyonza hewa katika hali ya kwanza na oili tupu katika hali ya pili. Fundi alifungua sampu siku ile ile. Gasketi ilikuwa imekauka na kukatika upande mmoja, nayo ni kitu cha bei ndogo kuliko tapeti moja.

Baada ya kuibadilisha tulipanda hadi Mamba. Tapeti 14 zilikaa kimya. Mbili ziliendelea kulia. Tulifungua kifuniko na kupima mwinuko wa roka zake kwa vernia. Ulikuwa pungufu ya wenzake kwa zaidi ya milimita moja. Nundu zake zilikuwa zimelika katika miezi ile ya kugongwa na kukosa oili safi. Kwa hiyo fundi hakukosea kuhusu kemshafti, ila ingewekwa mpya bila kugusa gasketi, nayo ingelika vivyo hivyo. Baba mdogo alisikiliza zile mbili, akauliza kama zitamfikisha mwisho wa msimu wa tangawizi. Fundi alimwambia apande polepole, na asikose kutazama sindano.