Tulimbatiza ‘Ombasawa’, sasa amenyamaza

*Shangazi, nakuandikia kutoka Kasese, Uganda. Mimi ni fundi cherehani. Tuko wanawake watano kwenye baraza moja mjini, tunashona magauni ya gomesi na sare za shule. Mwenzetu mmoja, anayeshuka kutoka Kilembe kila asubuhi, hachoki kuuliza. Akimaliza kola: “Iko sawa?” Ukikaa kimya kidogo: “Nimekukosea?” Mawingu yakishika milimani anapiga simu nyumbani, anakata, anapiga tena. Tukaanza kumtania. Mimi ndiye niliyetunga “ombasawa”, na mwenzangu akaongeza kitenzi, “kusawika”. Tukawa tunamuuliza: “Leo umesawika mara ngapi?” Mwanzoni hata yeye alicheka. Juzi mteja akamwita mbele ya watu: “Wewe Ombasawa, gomesi yangu tayari?” Tangu hapo haulizi chochote, na jana alikata kitambaa cha mtu vibaya kwa kuogopa kuuliza vipimo. Tumekosa, au yeye ndiye hajui utani?*

*Fundi, Kasese*

Mwanangu, mmekosa. Nakushukuru kwa kusema wazi kwamba neno ni lako.

Ni neno lililotungwa vizuri, na ndiyo maana limeuma. Kila anayelisikia anasikia ombaomba ndani yake, na mwenzenu anakula jasho lake. “Kusawika” haliniudhi sana, maana hicho ni kitendo, na hata wewe husawika siku ukiwa na wasiwasi. Lakini jina hubaki na mtu hata siku ambayo hakuuliza lolote.

Unasema pengine hajui utani. Kule Tanzania Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na hutupiana maneno mazito hata msibani bila mtu kununa, kwa sababu kila upande una haki ya kurudisha. Mwenzenu alikuwa na neno gani la kuwarudishia? Wanne mlimcheka mmoja, kisha mkamwachia mteja naye alichukue jina hilo.

Habari ya mawingu na simu umeiandika kwa mstari mmoja ukapita. Mimi nimesimama hapo. Mei 2013 Mto Nyamwamba, unaopita Kilembe, ulifurika, ukateremka na mawe makubwa, ukabeba nyumba na madaraja na kuua watu. Mei 2020 ukarudi, ukaharibu hata hospitali ya Kilembe. Sisemi kwamba hofu ya kola imetoka mtoni. Wengine wamelelewa na mzazi mkali, wengine ndivyo walivyo tangu utotoni. Lakini mwenye watu wake kando ya Nyamwamba akiona mawingu kwenye milima ya Rwenzori asipige simu, huyo ndiye wa kushangaza.

Kwa hiyo yatenganisheni maswali yake. La mto lina jibu, nalo liko kwa mtu anayeuona mto. Apatane na jirani mmoja wa Kilembe ampigie maji yakianza kupanda, na walio nyumbani wajue mapema watapanda upande gani wa kilima.

“Nimekukosea?” ni jambo jingine. Ukimjibu mara ishirini humsaidii. Faraja ya jibu hukaa muda mfupi, shaka inarudi na kudai jibu jipya. Mjibu mara moja, jibu lililokamilika, ukimtazama: “Hujanikosea. Kola imekaa vizuri, bega la kushoto limevuta, lifumue.” Ile “sawa” ya mdomoni, macho yako yakiwa kwenye sindano, ndiyo inayozaa swali la pili. Akirudia, mwambie kwa upole kwamba umekwisha kujibu na jibu halijabadilika. Ukiona hofu inamnyima usingizi au chakula, msindikize kituo cha afya akaongee na muuguzi. Usimtume peke yake.

Lakini kwanza kabisa, mwombe radhi. Nenda mwenyewe, bila wale wengine, na usitamke “tulikuwa tunatania tu”. Yule mteja naye mwambieni jina hilo limekwisha.

Kutunga maneno msiache. Baraza la mafundi wasiocheka ni baraza gumu. Ila safari hii atunge yeye. Akitaka kuiita hali yake “kiusawa”, ile kiu ya kuambiwa sawa, aseme mwenyewe “kiusawa imenishika”, nanyi mjibu mara moja, kazi iendelee. Akikataa, basi. Na mpeni ruhusa ya kuwabatiza nyinyi pia. Fundi anayekata kitambaa cha watu bila kuuliza anastahili kuitwa Bi Siulizi, na nadhani kila baraza linaye mmoja.

Kile kitambaa kilichoharibika kilipieni nyote watano, kabla mwenye kitambaa hajarudi kukichukua. Msimwachie mwenzenu deni hilo peke yake.