Kukadiria kikosi kabla ya kuweka mtaji: mfano wa Mashujaa ya Kigoma

Mnunuzi wa maharage anayefika Makere hanunui gunia kwa kutazama punje za juu peke yake. Hutia bambo ubavuni, akatoa punje za katikati na za chini, akatafuna mbili tatu kupima ukavu, akatazama matundu ya wadudu, ndipo anapotaja bei. Lakini mtu huyo huyo, msimu wa Ligi Kuu unapokaribia, anaweza kuagiza jezi mia mbili au kulipa kishika uchumba cha Coaster ya kupeleka washabiki Kigoma mjini kwa sababu moja tu, kwamba timu ilimaliza vizuri msimu uliopita. Hapo amenunua gunia kwa kutazama mdomo wake.

Somo la wiki hii linahusu namna ya kutia bambo kwenye kikosi cha timu ya kulipwa. Mfano ni Mashujaa, timu ya Jeshi la Wananchi yenye makao Kigoma, kwa kuwa ndiyo timu ambayo fedha za wafanyabiashara wadogo wa Kasulu, Kibondo na vijiji vya nyanda za juu huifuata. Fedha hizo ziko kwenye jezi, nauli, vibanda umiza, chakula na vinywaji vya siku ya mchezo. Hakuna hisa ya kununua hapa, ila hasara inawezekana kama ilivyo kwenye hisa.

Mashujaa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2023 kwa njia ngumu, kupitia mechi za mchujo ambako iliishinda Mbeya City. Aprili 2024, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1-1. Siku kama ile kila mwenye jezi huimaliza. Mfanyabiashara makini, hata hivyo, hujiuliza swali jingine kesho yake: wachezaji kumi na mmoja walioifunga Simba wana mikataba mpaka lini?

Swali hilo ndilo somo lenyewe. Msimamo wa ligi ni bei ya jana. Kikosi ni ghala la mikataba, na mikataba hiyo kila mmoja una tarehe yake ya kwisha.

Hesabu ya dakika

Ligi Kuu yenye timu 16 humpa kila mshiriki mechi 30. Mechi 30 za dakika 90, kwa wachezaji 11, ni dakika 29,700. Hiyo ndiyo kazi yote ambayo kikosi kilifanya katika msimu mmoja, na ndiyo kipimo cha kwanza.

Mwenye kalamu achukue majina ya waliocheza msimu uliopita na kukadiria kila mmoja alicheza mechi ngapi. Si lazima hesabu iwe ya mhasibu. Atakayefuata redio na magazeti atapata makadirio ya kutosha. Kisha afute kila jina lililoondoka dirisha kubwa la usajili lilipofunguliwa. Dakika zinazobaki ndizo mali ambayo timu imeingia nayo msimu mpya. Ikiwa zimebaki theluthi mbili au zaidi, msimamo wa mwaka jana una maana. Zikiwa chini ya nusu, hiyo ni timu mpya iliyovaa jina la zamani, na nafasi yake ya mwaka jana haimsaidii mtu kuagiza mzigo.

Wachezaji wa mkopo wahesabiwe kando. Klabu ndogo huchukua vijana kutoka kwa wakubwa, na mpango huu hauna tofauti na mali kauli: bidhaa ipo dukani kwako, inauzika, lakini mwenyewe yupo. Kijana akifanya vibaya, unabaki naye hadi mwisho wa msimu. Akifanya vizuri, mwenye mali anamtaka. Timu yenye wachezaji wanne wa mkopo katika kikosi cha kwanza inaonekana nono mwezi wa Aprili na kukonda mwezi wa Julai.

Umri nao hupimwa kwa nafasi ya mchezaji, si kwa idadi ya miaka peke yake. Winga anayetegemea mbio akifika miaka 31 ni bidhaa inayokaribia tarehe yake. Mlinda mlango wa umri huo bado ana kazi. Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma, alikuwa amepita miaka 30 mwaka 2019 alipoisaidia Taifa Stars kuitoa Burundi kwa penalti katika mechi za awali za kufuzu Kombe la Dunia. Kwa hiyo anayeona kipa wa miaka 33 kwenye orodha asishtuke, lakini akiona mabeki wa pembeni wote wawili wana umri huo, aanze kupunguza oda.

Mkataba na bei ya mtu

Wasomaji wengi wanafikiri thamani ya mchezaji iko miguuni. Kibiashara iko katika miezi iliyosalia kwenye karatasi. Clatous Chama anafaa kuwa kielelezo. Mwaka 2021 aliondoka Simba kwenda RS Berkane ya Morocco akiwa bado na mkataba, na Simba ikalipwa. Alirudi Simba mwaka 2022. Mwaka 2024 mkataba ukaisha, akavuka barabara kwenda Yanga, na safari hiyo hapakuwa na bei ya uhamisho. Mtu ni yule yule na uwezo bado upo, lakini mara ya kwanza alikuwa mali, mara ya pili alikuwa mpangaji aliyemaliza kodi.

Kwa upande mwingine, kesi ya Feisal Salum inaonyesha nguvu ya karatasi. Desemba 2022 alitaka kuvunja mkataba wake na Yanga. Shauri likafika kwenye Shirikisho la Soka, TFF, na Januari 2023 ikaamuliwa kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Alihamia Azam katikati ya mwaka huo, klabu mbili zilipoafikiana. Kwa miezi kadhaa Yanga ilikuwa na mali isiyofanya kazi, lakini haikuipoteza bure. Klabu ndogo ambayo haina mwanasheria wala mkataba ulioandikwa sawasawa isingefika hapo.

Jambo linalofuata ni utegemezi. Fiston Mayele alikuwa mshambuliaji tegemeo wa Yanga iliyotwaa ubingwa wa 2022/23 na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Majira yale ya joto akauzwa Pyramids ya Misri. Wengi walitabiri kuanguka. Yanga ilitwaa tena ubingwa wa 2023/24, Stephane Aziz Ki akifunga mabao 21, na ikautwaa tena 2024/25. Linganisha na Simba: ilichukua ubingwa mara nne mfululizo hadi 2020/21, ikauza Chama na Luis Miquissone kwa wakati mmoja mwaka 2021, na misimu minne iliyofuata haikuupata. Klabu zote mbili ziliuza. Moja ilikuwa na anayechukua nafasi, nyingine ilitumia miaka kumtafuta. Si uuzaji huo pekee uliofanya hivyo, lakini mtu mwenye fedha zake angeiona hatari hiyo siku ile ile ya mauzo.

Kipimo chake ni rahisi. Gawanya mabao ya mfungaji bora kwa mabao yote ya timu. Mfungaji mwenye mabao 10 katika 30 anabeba theluthi ya ghala. Akiumia goti mwezi wa Oktoba, jezi zenye jina lake mgongoni zinabaki kwenye kamba.

Nani analipa mishahara

Mapato ya ligi yenyewe yamekua. Mkataba wa haki za televisheni uliosainiwa na Azam Media mwaka 2021 ulikuwa wa miaka kumi na Sh bilioni 225.6, na benki ya NBC ikaingia mwaka huo huo kuwa mdhamini mkuu wa ligi. Ukigawa fedha za televisheni kwa miaka na kwa timu 16 unapata kama Sh bilioni 1.4 kwa timu kwa mwaka, lakini hiyo ni hesabu ya kichwa tu. Fedha haigawanywi sawa, na anayeshika nafasi ya juu hupata zaidi. Kwa timu ya mkoani, kilichobaki ni viingilio, wadhamini wake mwenyewe na mfuko wa mmiliki.

Mmiliki wa Mashujaa ni jeshi. Hilo lina sura mbili. Timu ya namna hii haitegemei mfadhili mmoja anayeweza kuamka siku moja amechoka na mpira. Lakini mmiliki mwenye mfuko haimaanishi kikosi chenye uwezo. Mwaka 2023, mwaka ule ule Mashujaa ilipopanda, Ruvu Shooting na Polisi Tanzania zilishuka, zote zikiwa timu za vyombo vya ulinzi na usalama. Mwaka 2024 ikashuka Mtibwa Sugar, bingwa wa 1999 na 2000 yenye kiwanda mgongoni, ingawa ilirejea baada ya msimu mmoja. Mwaka 2025 ikafuata Kagera Sugar. Anayesema timu ya jeshi au ya kiwanda haishuki anauza asichokijua.

Mashujaa, kwa upande wake, ilihimili misimu miwili ya kwanza na kuingia wa tatu, 2025/26, ikiwa bado Ligi Kuu. Kwa timu iliyopanda kwa mchujo hilo si jambo dogo. Ni rekodi ya timu inayojua kujilinda nyumbani na kuokota pointi. Si rekodi ya kumfanya mtu aweke rehani shamba la migomba.

Sasa fedha ya Makere

Biashara ya mtu wa Makere haitegemei Mashujaa kuwa ya tano au ya kumi. Kati ya mechi 15 za nyumbani, mbili tu ndizo hujaza magari kutoka Kasulu na Kibondo: siku ya Simba na siku ya Yanga. Mechi hizo zipo maadamu timu ipo Ligi Kuu. Ikimaliza ya 12 zipo. Ikishuka hazipo, labda kombe lizilete kwa bahati. Kwa utaratibu wa misimu ya karibuni, mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 huenda mchujo. Kwa hiyo swali la mwekezaji mdogo ni finyu kuliko la mshabiki: je, kikosi hiki kina dakika, umri na mikataba ya kutosha kumaliza juu ya nafasi ya 13?

Tuchukue mfano wa darasani. Mfanyabiashara ana Sh milioni 3. Akiweka zote kwenye jezi mwezi wa Agosti, amenunua bidhaa inayooza taratibu, maana msimu ujao itatoka jezi nyingine yenye rangi au mdhamini tofauti, na ya zamani itauzwa kwa bei ya tisheti. (Jezi bandia huoza haraka zaidi, siku mwenye haki anapokuja na polisi.) Akiweka Sh 900,000 kwenye mzigo wa kwanza, akasubiri mechi sita au saba za mwanzo, atakuwa amenunua taarifa kwa bei nafuu. Nauli ya Coaster kwa mechi mbili kubwa ikusanywe kwa abiria kabla gari halijakodiwa, na makubaliano na mwenye gari yataje kitakachofanyika tarehe ikibadilishwa au mchezo ukihamishiwa uwanja mwingine. Bodi ya Ligi imewahi kufungia viwanja visivyokidhi vigezo katika mikoa mbalimbali. Mwenye kibanda umiza ana nafuu, kwa kuwa wateja wake watalipa kuona Simba na Yanga hata Mashujaa ikiwa daraja la chini.

Lipo pia suala ambalo viongozi wa timu za kata hawalitazami kama biashara. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu asilimia. Mchezaji akiuzwa kwa Sh bilioni 1, klabu iliyokuwa naye msimu mmoja akiwa na miaka 17 inastahili Sh milioni 5. Mbwana Samatta alipita African Lyon na Simba kabla ya TP Mazembe mwaka 2011, Genk mwaka 2016 na Aston Villa Januari 2020. Kila ada inapolipwa katika safari ya namna hiyo, klabu za nyuma nazo zina fungu. Kinachohitajika ni usajili uliofanyika rasmi, na kumbukumbu zake. Timu ya kijiji inayochezesha vijana kwa majina ya kubuni na kadi za kuazima imejinyima fungu hilo kabla kijana hajaona hata basi la Dar es Salaam.

Dirisha dogo la usajili hufunguliwa katikati ya msimu. Likifungwa, orodha ya Mashujaa isomwe upya na zile dakika zihesabiwe tena, waliotoka wafutwe, waliokuja kwa mkopo wawekwe kando. Mzigo wa pili wa jezi uagizwe baada ya hapo, au usiagizwe.